Magunia Manne ya Dengu

Ko! Ko! Ko!

Nilidhani ni seremala. Nilikuwa bado darasani nafuta ubao, mlango nimeufunga kwa ajili ya baridi, na mlio ule ulitoka upande wa bwalo la chakula, kwanza mmoja mmoja, kisha mingi kwa pamoja, kama watu ishirini wanapigilia misumari. Nilipousukuma mlango wa bwalo nikawaona wanafunzi wangu wameketi na makoti yao, kofia za sufu hadi masikioni, kila mmoja anagonga mkate wake mezani. Ulikuwa mkate wa juzi. Theluji ilikuwa imelizuia gari la mkate lisipande mlimani kwetu.

"Mwalimu Mokran, sikiliza!" akaita Tasadit, binti wa miaka kumi, ulimi wembe. "Wangu unalia kuushinda wa Yuba. Wangu ni mzeituni mtupu."

"Acheni fujo, kuleni."

"Tule kwa meno au tulete shoka?"

Wakacheka wote. Mimi sikuweza. Kando ya kila mkate palikuwa na kipande kimoja cha jibini cha pembetatu na kikombe cha maji ya bomba, baridi ya kuuma ufizi. Hicho ndicho chakula cha mchana cha watoto tisini, na wengine wao hutembea saa nzima kushuka kutoka vitongoji vya juu. Na asubuhi ile ile nilikuwa nimewafundisha mlo kamili. Niliwachorea sahani ubaoni, nikaigawa: nusu mboga na matunda, robo nafaka, robo jamii ya kunde. Niliwaambia dengu zina madini ya chuma, chuma ndicho kinachoipa damu nguvu, na anayekikosa hushikwa na kizunguzungu. Walinakili vizuri sana, kwa rangi.

Hatua ishirini kutoka meza zile ilikuwapo stoo iliyofungwa, na ndani yake magunia manne ya dengu, mafuta, na nyanya za kopo. Vyote vililetwa kwa ajili yao. Kilichokosekana ni mpishi. Nanna Wardia, bibi yake Tasadit, alistaafu miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo tunaambiwa nafasi yake inashughulikiwa. Jiko halijawashwa tena. Fukusi ndio waliokuwa wakila dengu.

Huku kwetu kazi ikimlemea mmoja huitwa tiwizi. Kijiji kizima hutoka, zeituni zikachumwa, paa likaezekwa, na hakuna anayeuliza atalipwa nini. Wanawake wakasema watafanya tiwizi ya jiko la shule, kwa zamu, Nanna Wardia akiwaongoza. Mwalimu mkuu, Bwana Belaid, akakataa: bila kadi ya afya hakuna anayegusa sufuria. Wanawake kumi na mmoja wakashuka zahanati kwa miguu, wakatolewa damu, wakapimwa vifua, wakarudi na kadi. Akasema kadi ni sawa, lakini wao si waajiriwa.

"Mtoto mmoja akiumwa tumbo, nani anaingia jela? Ni mimi," aliniambia. "Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu, Mokran. Barua za kuomba mpishi nimeandika kumi na moja. Usiniletee kesi."

"Na wanaoumwa njaa je?"

"Hao hawana kesi," akasema, na akainamisha uso. Nadhani aliona haya. Lakini haya haipiki.

Wiki iliyofuata akaniita, safari hii anatabasamu. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja Jumatano kwa ajili ya wiki ya lishe bora shuleni.

"Wewe si unatunga? Tutungie kitu juu ya chakula, mtoto akighani mbele yao. Na mtu wa gazeti atakuwapo. Jina lako litatoka."

Hapo ndipo aliponinasa. Vina nilijifunza peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole njiani, na hakuna mtu wa mjini aliyewahi kuusikia hata ubeti wangu mmoja. Badala ya kumtupia usoni yale maneno yake kwamba wenye njaa hawana kesi, nilikwenda nikatunga. Nikatunga kwa bidii, Mungu anisamehe. Nikamchagua Tasadit kwa sababu ndiye mwenye sauti.

*Shuleni tunala mboga, na supu ya moto moto,*
*Miili haina woga, baridi kwetu ni ndoto.*

Siku ya mazoezi aliusoma ubeti mara moja, akaishusha karatasi.

"Mwalimu, supu ipi?"

"Soma tu. Ni shairi."

"Kwa hiyo shairi ni uongo wenye vina?"

"Soma, Tasadit!"

Akasoma.

Jumatano bwalo lilikuwa na joto. Hita mbili zilizokaa ofisini kwa mwalimu mkuu msimu mzima zilikuwa zinawaka pembeni. Kuku, saladi na supu vililetwa kwa gari kutoka hoteli moja ya mjini. Ukutani paliwekwa meza ndefu yenye tufaha, ndizi na machungwa, imezungushiwa utepe, na Bwana Belaid akapita kila meza akinong'ona, "Matunda hayaguswi mpaka picha ziishe." Wageni walikuwa watano: mkubwa wao mwenye koti refu jeusi, bibi mmoja wa lishe mwenye daftari, na wengine ambao sikuelewa kazi yao isipokuwa kula.

Tasadit akasimama. Akaghani mstari wa kwanza kwa sauti nzuri kabisa, akafika kwenye supu, akanyamaza. Nilidhani amesahau. Midomo yangu ikaanza kumtamkia kutoka mlangoni nilikosimama.

"Samahani, wageni," akasema. "Hapa siwezi kuendelea, kwa sababu supu tumeiona leo. Kila siku tunakula mkate mkavu na jibini. Dengu zipo, zimo mle stoo, magunia manne. Mwalimu ametufundisha zina chuma. Yuba alianguka mstarini wiki iliyopita kwa kizunguzungu. Naomba kuuliza, nani ana ufunguo?"

Nilisikia hita zikinguruma. Nilingoja mtu mmoja tu aone aibu.

Yule mkubwa akaangua kicheko.

"Watoto wa milimani hawa! Ulimi huu utafika bungeni!"

Basi wote wakacheka, na Bwana Belaid akacheka nao huku jasho linamtoka. Bibi wa lishe aliandika kitu, akatazama wenzake, akalifunga daftari. Mkubwa akamwita Tasadit, akamwekea mkono kichwani, wakapigwa picha mbele ya matunda. Kisha vijana wawili wakaingia na makasha, wakayapanga matunda yote ndani, moja moja, kwa uangalifu, wakayarudisha garini.

"Tuna shule nyingine saa nane," mmoja alinieleza.

Yuba, bado ana mfupa wa kuku mkononi, akasema, "Tufaha hizo zimetembea mkoa mzima, mimi hata mjini sijafika."

Gari lilipokata kona tu, mwalimu mkuu alinipa barua. Tasadit asikanyage shuleni mpaka aje na mlezi wake, aombe radhi mbele ya bendera. Mimi niipeleke.

"Wewe ndiye uliyemfundisha," alisema.

"Ndiyo, nilimfundisha! Nilimfundisha chakula ni nini, naye akaelewa! Kuna kosa gani hapo? Ulitaka niwafundishe kutafuna mbao na kushukuru?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kadi kumi na moja umeziona mwenyewe, unga wa fukusi umejaa sakafuni, na anayefukuzwa ni mtoto?"

Aliingia ofisini, akafunga mlango. Nikapanda mlimani na barua, theluji mpaka magotini, nikimtukana yeye na wageni wake, na kila nilipomaliza kuwatukana wao nilijikuta nimefika kwangu mwenyewe.

Nanna Wardia alikuwa ameketi kando ya moto, anachambua kunde kwenye ungo.

"Karibu, mshairi wa supu," akasema bila kuinua kichwa. "Umekuja kula au kutuimbia?"

Nikampa Tasadit, aliyekuwa kando yake, barua. Akaisoma kwa sauti, kisha akasimama wima, mkono kifuani.

"Naomba radhi, ewe supu, kwa kuwa sikukutambua." Akaketi. Hakucheka. "Mwalimu, niombe radhi ya nini hasa?"

"Huombi."

"Miaka ishirini na sita nilipika pale," alisema Nanna. "Hakuna tumbo hata moja lililouma. Mikono ninayo, kadi ninayo, majirani ninao. Nyinyi wasomi mmekosa nini?"



"Shairi lilikuwa lako," akasema Tasadit polepole. "Lakini aliyesimama ni mimi. Wewe ulikuwa mlangoni. Nilikutazama unisaidie, ukaangalia viatu vyako."

Hakuna aliyewahi kunipiga kama alivyonipiga yule binti. Nilichuchumaa mbele yake tukaonana macho.

"Ni kweli," nikamwambia. "Sasa nisikilize, na Nanna awe shahidi. Ijumaa, mkutano wa kijiji ukikaa, nitasimama mbele ya wanaume wote niseme shairi lile nililitunga mimi na lilikuwa uongo. Jumapili asubuhi, wiki ya shule ikianza, utasimama langoni pamoja nami, na nyuma yetu wanawake wote wenye kadi. Nakuahidi, Tasadit, sitafundisha hata herufi moja mpaka stoo ifunguliwe na sufuria ibandikwe. Wakitaka kunifukuza, watanifukuza dengu zikiwa zinachemka."