Ukoko wa Tangi

Mkwe wangu Nesta alikuwa anakula udongo, na mimi nilikuwa naona aibu. Si kwamba sikujua mambo ya wanawake wenye mimba. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na mimba ya Lusungu, nilimega ukuta wa mama mkwe wangu mpaka akaniuliza kama nataka tulale nje. Lakini hiyo ilikuwa zamani, kijijini Ndalambo. Sasa ulikuwa mwaka 1953, mwanangu Lusungu alikuwa karani wa mpakani Tunduma, tulikaa kwenye nyumba ya bati katika mtaa wa makarani, na mkewe alikuwa anachimba kichuguu kinachokojolewa na mbuzi wa watu.

Nilimsema mbele za watu. Alinitazama tu, midomo ina vumbi jekundu. Sikuendelea, kwa sababu mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Miezi yote hiyo sikuwa na ombi jingine kanisani.

Mwaka huo huo tuliletewa bomba. Walichimba kisima kirefu, wakaleta mashine, kisha wakapandisha tangi la chuma juu ya miguu ya mbao. Lilipakwa rangi mpya ya kijani. Wenzetu wa bondeni waliendelea kuchota mtoni, sisi tukajiona tumekuwa Wazungu. Mimi nilikuwa wa kwanza kupanga ndoo na wa mwisho kuacha kujisifu.

Maji yenyewe yalikuwa makaidi. Sabuni haikutoa povu, iliganda kwenye nguo kama mtindi. Maharage niliyobandika asubuhi yalifika adhuhuri bado yanagonga meno. Ndani ya birika ukaota ukoko mweupe, na kila wiki uliongezeka. Nilimwendea Barnaba, mtunza bomba, mtu mpole mwenye ufunguo shingoni.

"Mama Lusungu, maji haya ni magumu tu," akaniambia. "Ni chokaa ya ardhini. Bwana wa maji aliyapima palepale kisimani, akanywa kikombe kizima nikimwona. Hata tangi lilikuwa halijaja."

Nikaridhika. Nilitaka kuridhika.

Siku moja nabandua ukoko wa birika kwa kijiko, Nesta akaokota kipande akakitia mdomoni. Nilisikia kikivunjika. Akafumba macho.

"Mama, hiki kitamu kuliko udongo."

Nilifurahi kama niliyeokota fedha. Kitu cheupe, kimechemshwa, kimetoka kwenye maji ya serikali! Nikamwambia aachane na kichuguu chake, ukoko nitampa mimi, na mimi nikisema jambo nyumbani kwangu huwa limekwisha.

Birika halikutosha. Nikamfuata Barnaba siku anayosafisha tangi, akaingia na patasi, akanibandulia mabamba mazima kutoka chini kabisa. Niliyapokea kwenye kanga. Yalikuwa mazito kuliko ya birika, na ya kijivu kidogo upande wa chini. Nikasema hiyo ni kutu. Nikayaosha kwa maji ya bomba lilelile, nikayatia kwenye kopo, na tangu hapo kila siku nilimpa Nesta kipande kimoja baada ya chakula.

Wiki ya pili akaanza kutapika. Tumbo likamkata, nyayo zikawaka moto, viganja vikatoka madoa. Kila alichoniambia nilimjibu: mimba hiyo. Watoto wa mtaa waliharisha, tukalaumu mahindi mabichi. Kuku waliokunywa dimbwi la chini ya tangi walikufa wote kwa siku moja, tukasema kideri. Usiku nilikuwa nasikia woga umenikaa kifuani, wala sikujua naogopa nini, basi nikawa mkali zaidi mchana.

Jumamosi moja asubuhi Barnaba alinipa mabamba mapya, makubwa. Nikajaza kopo, nikaliacha karibu na Nesta, nikaenda kupanga foleni ya maji.

Bombani alisimama mtu mmoja mwenye fimbo, Yonathani, mswaga ng'ombe kutoka Isongole. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Nikamkaribisha anywe. Hakunywa. Alikuwa anatazama juu.

"Tangi hili nalijua, mama," akasema. "Bonyeo lile la ubavuni tulilipiga sisi, tulipoliangusha garini. Nilikuwa kibarua kwa Mzungu mmoja mwenye shamba. Alipoondoka vitu vyake vyote viliuzwa."

"Alikuwa anatia nini humo?"

"Dawa ya josho, ya kuua kupe. Sumu kali ile. Ng'ombe akiilamba haoni jioni."

"Lakini lilioshwa... waliliosha," nikasema.

"Waliosha juujuu. Dawa iligandia chini kama ukoko wa ugali. Sisi wenyewe tulishindwa kuibandua."

Barnaba alinitazama, kisha akaitazama kanga yangu. Akafunga bomba, na wanawake nyuma yangu wakaanza kupiga kelele kwamba ndoo zao hazijajaa.

Niliacha ndoo zangu pale. Nilikimbia na miaka yangu yote, kanga imeanguka njiani, namwomba Mungu kwamba leo mtoto wa watu awe amekosa hamu.

Nesta alikuwa amekaa kizingitini. Kopo lilikuwa mapajani mwake, tupu. Ilikuwa wiki nzima sijamwona akitabasamu, na sasa alitabasamu.

"Mama, leo ulichagua vizuri," akasema. "Nimeshindwa kujizuia. Na vimenituliza kweli. Hata huyu aliyekuwa ananipiga mateke usiku kucha, saa hizi ametulia kabisa."

Nikapiga magoti, nikaweka mkono tumboni mwake. Nilibonyeza huku, nikabonyeza kule. Nikangoja teke moja tu.

"Anacheza, mama?" akaniuliza.

Ni mimi niliyemkataza kichuguu.