Betri Juu ya Raki

Mwishoni mwa mwaka 1994, Mukunde alikuwa na balaa moja tu kazini: bosi wake alikuwa baba mkwe wake. Na kwetu, mke wa mtu, hata akiwa fundi wa kompyuta aliyesomea Mwanza, habishani na baba mkwe, wala jina lake halitamki. Akilitamka, ukoo mzima unashika vichwa.

Mzee mwenyewe, Bayingana, alisimama mbele ya raki, ile fremu ndefu ya chuma ya kufungia mitambo, katika ofisi yao ya mtaa wa Muhima.

"Sanduku la betri tunaweka juu," alisema. "Chini, mvua ikinyesha, maji iko naingia mpaka huku."

Mukunde alilitazama sanduku. Halikuwa la kunyanyuliwa na mtu mmoja, na raki ilikuwa bado haijafungwa kwenye sakafu.

"Mzee, na tukiliweka chini, halafu raki yote tuinue kwa matofali?"

"Nimepima. Upana ni sawa, matundu yanalingana, nafasi iko. Litaingia."

Litaingia, ndiyo! Nani alikataa? Lakini kuingia ni kitu kimoja na kutulia ni kingine. Raki hujazwa kuanzia chini, kizito kwanza, la sivyo kichwa kinaishinda miguu. Mukunde aliyajua hayo yote, akayameza. Heshima si utumwa, watu husema, lakini jamani, waliosema hawakuwa wakwe wa Bayingana.

"Sawa, mzee," akaitika, na alijichukia.

Rwema, mumewe, akasaidiana na baba yake kulipandisha sanduku na kukaza skrubu. Kisha akaenda uani kuwasha jenereta, likanguruma hadi vioo vikatetemeka. Bayingana akapiga magoti mbele ya raki, akainamisha kichwa, akaanza kuuvuta waya mnene uliotoka kwenye betri.

Waya ulikwama. Akavuta kwa nguvu, na Mukunde akaona miguu ya nyuma ya raki ikiachana na sakafu.

"Mzee!"

Mzee akainua kiganja: subiri. Siku nzima ofisini ni mzee huku, mzee kule; angeshtuka kwa lipi? Akavuta tena.

"Mzee, toka hapo!"

Kiganja kilekile. Mukunde akarukia raki kwa nyuma, akaining'inia kwa uzito wake wote, lakini chuma kikamponyoka mikononi.

"Bayingana!"

Aliruka kando kama kijana. Raki ikaanguka kwa kishindo, sanduku likapasua saruji palepale alipokuwa amepiga magoti.

Rwema akaja mbio, akasimama mlangoni. Mukunde alikuwa ameshapiga magoti.

"Nisamehe, baba. Nimekutaja."

Mzee alikaa sakafuni akimtazama, machozi yakimtiririka bila aibu.

"Kaka zangu ndio walikuwa wananiita hivyo," alisema mwishowe. "Kwa kelele hivyohivyo. Nimerudi kutoka ukimbizini nikakuta nyumba yao pale Gatsata iko tupu. Tangu mauaji ya Aprili hakuna aliyebaki wa kuniita jina langu."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ita tena, binti yangu."

Mukunde akamtazama mumewe pale mlangoni, kisha akaita.