Vidonge vya Saa Nane Mchana

Mimi sina ugomvi na vidonge. Ugomvi wangu ni na watu wanaovigawa, hasa yule bwana wa kazini kwetu mwenye cheo cha Afisa Ustawi wa Wafanyakazi, ambaye sisi tulimkata jina tukabaki na Ustawi. Anaingia kazini saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi jioni, na usiku analala kwake kama mtoto aliyeshiba maziwa. Huyo ndiye aliyeletwa atufundishe kulala.

Kazi yetu ni kufua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Zamu ni tatu, na zilikuwa zinazunguka. Siku tatu unaingia alfajiri, siku tatu unaingia saa nane mchana, siku tatu unaingia saa nne usiku, halafu unaanza upya. Waliozipanga walisema ndiyo haki yenyewe, kila mtu aonje kila zamu. Haya, tukaonja. Baada ya miezi minne watu walikuwa wanapiga miayo mpaka taya zinalia, na mama mmoja wa chumba cha kukunjia alifika nyumbani akavua viatu mlangoni kwa jirani, akaingia na kujilaza kwenye kochi la watu.

Aliyeumia zaidi ni wifi yangu, mke wa kaka. Mimi na yeye tuko mashine ya pasi. Ina silinda mbili za moto, shuka linaingia huku bichi na kutoka kule limekauka na kunyooka, na sisi wawili ndio tunaolilisha, kila mtu na pembe yake. Wifi alikuwa na barua mbili za onyo za kusinzia kazini. Ya tatu ni ya kufukuzwa, na nyumba nzima ile inakula kwa mshahara wake, kaka yangu akiwemo, tangu karakana aliyokuwa akifanyia kazi ifungwe. Kaka hapendi hilo lisemwe. Mimi nalisema.

Tukaandika malalamiko. Tuliomba kitu kimoja tu: zamu za kudumu, wa asubuhi abaki asubuhi, wa usiku abaki usiku. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, na yalikuja kwenye maboksi. Kila mfanyakazi alipewa chupa ya melatonini, vidonge sitini, na semina ya nusu saa.

Ustawi alibandika ukutani picha ya mwanamke aliyelala akitabasamu. Mimi sijawahi kuona mtu akilala anatabasamu, labda awe anaota msimamizi wake kateleza. Akatueleza kwamba mwili wenyewe hutengeneza hiyo melatonini giza likiingia, na kidonge kazi yake ni kuuambia mwili kwamba usiku umefika. Unameza saa moja hivi kabla ya kulala, kila siku wakati uleule, na ukishameza usiguse mashine. Mpaka hapo hakukosea. Hata duka la dawa la mtaani kwetu wangekwambia hivyohivyo, tena bila picha.

Lakini Ustawi alikuwa na daftari. Mradi ulitakiwa kuripotiwa kwa wakubwa, na wakubwa hawaamini kidonge kisicho na sahihi. Kwa hiyo kila mtu alitakiwa kumeza mbele yake na kutia sahihi, naye atie yake kama shahidi. Usiku hayupo. Alfajiri hayupo. Saa ambayo yeye yupo na watu wengi wamekusanyika ni saa nane mchana, wa asubuhi wakitoka na wa mchana wakiingia. Basi akaamua tumeze saa nane. Wote.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wa asubuhi walimeza wakaenda nyumbani wakiyumba njia nzima. Wa mchana tulimeza kisha tukaenda kuwasha mashine. Na wa usiku, maskini ya Mungu, walitolewa vitandani kwao, walikokuwa wamelala vizuri tu, waje kumeza dawa ya usingizi.

"Afisa," nilimwambia, "mimi ndiyo naingia kazini sasa hivi."

"Maelekezo yanasema kila siku wakati uleule, dada yangu. Tusipofuata wakati, kidonge hakitafanya kazi."

"Na hayo ya mashine?"

"Hayo ni tahadhari tu. Tahadhari si maelekezo."

Mimi changu nilikiweka chini ya ulimi, nikaenda kukitema kwenye maji ya mashuka. Kama kuna mgonjwa aliyelala vizuri wiki ile, anishukuru mimi. Lakini wifi yangu ni mtu wa kutii. Akiambiwa na daktari anywe glasi nane za maji, ya tisa hainywi hata koo likikauka. Nilimnong'oneza akiteme, akaniambia, "Wifi, hawa watu wamesoma. Na mimi nataka kupona, nisije nikapata ile barua." Akameza na maji ya kutosha.

Siku ya tatu, saa tisa na nusu, tulikuwa tunalisha mashuka ya wodi ya wazazi. Nikaona pembe ya upande wake inalegea. Nilipoinua macho, macho yake yalikuwa wazi nusu, na mkono wake unafuata shuka kuelekea kwenye silinda, taratibu, bila haraka yoyote. Sijui niliruka vipi. Niligonga kitufe chekundu na kumvuta kwa ukosi wa gauni, tukaanguka wote sakafuni. Ncha za vidole vitatu ziliungua. Wifi alikaa pale chini anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, halafu akaanza kuniomba radhi. Mimi. Nililia kwa hasira, na sioni haya kusema.

Msimamizi alikuja kwa sababu mashine imesimama. Kesho yake barua ikatoka: kulala kazini, kosa la tatu, aitwe mbele ya Mkurugenzi na mtu mmoja wa kumsemea. Wa kumsemea nikawa mimi, maana kwetu mwenye mdomo haulizwi kama anataka.

Kikao kiliwekwa saa nne asubuhi. Wakati huo zamu ilikuwa imeshatugeukia usiku, kwa hiyo tulitoka kwenye mashine tukakaa kwenye benchi kungoja, kisha tukaingizwa kwenye ofisi yenye zulia na kochi laini. Ustawi alisoma faili lote, barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamaliza kwa kusema kampuni imempa mfanyakazi huyu kila msaada, pamoja na vidonge.

"Lile daftari la vidonge liko wapi?" nikauliza.

Akalitoa kwa furaha, maana lilikuwa limepigwa mistari vizuri. Mkurugenzi akafungua tarehe ya ajali na kusoma kwa sauti. "Saa nane na dakika sita. Amemeza. Sahihi ya mmezaji. Sahihi ya shahidi." Akainua kichwa. "Shahidi ni nani?"

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Na zamu yake ilianza saa ngapi?"

Ustawi akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Saa nane," akasema. "Ila wakati uleule, Mkurugenzi, kila siku. Hatukuruka hata siku moja."

Mkurugenzi akafunga daftari, akamgeukia wifi yangu amuulize kama ana la kusema. Hakuwa nalo. Alikuwa amelala usingizi wa pono pale kwenye kochi, mkono wenye bandeji umelegea mapajani.

"Mnaona?" Ustawi akaruka. "Hata hapa! Mbele yako!" Akachukua kalamu aandike.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia Ustawi kwamba huyu mama tangu mwezi wa pili hajalala siku nne mfululizo kwa saa zilezile, kwamba hakuna chupa itakayouambia mwili wake ni usiku wakati ninyi wenyewe mnaubadilisha usiku kila siku tatu, na kwamba akitaka kuandika aandike na hilo. Mkurugenzi alinitazama, akamtazama wifi, akamwambia Ustawi apunguze sauti, kuna mtu amelala.

Barua ikawekwa kando, haikuchanwa. Mkurugenzi akasema zamu za kudumu zinawezekana, lakini watu wa usiku lazima wajitolee wenyewe. Akataka majina kumi na mbili kufikia Ijumaa saa sita mchana. Yasipotimia, zamu zitazunguka kama zamani, na barua itarudi mezani.

Karatasi ikabandikwa karibu na mlango wa kufulia. Jumatano ilikuwa na majina saba. Alhamisi kumi. Ijumaa asubuhi kumi na moja, na kila aliyepita alikuwa ananitazama mimi. Nilijifanya nakunja foronya. Niseme ukweli, usiku siupendi. Mimi ni mtu wa kulala saa tatu, taarifa ya habari huwa inanikuta nakoroma. Nilikuwa nimemvua Ustawi nguo mbele ya mkubwa wake, na muda wote ule nilikuwa nadhani atakayeteseka usiku ni mtu mwingine. Wifi hakuniomba. Alinifungia kamba ya aproni, kwa vile vidole viwili vilivyobaki vizima, akaenda zake kwenye mashine. Saa sita kasoro dakika kumi nikaandika jina langu. Ustawi naye akaandika ripoti yake kwamba malalamiko ya usingizi yamepungua tangu vidonge vigawiwe, na nasikia wakubwa wamempongeza.

Wiki iliyopita kaka yangu alinipigia simu, mwenyewe, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa mwaka. Akaniambia mke wake siku hizi analala usiku kucha, anaamka anacheka, vidole vimepona, nyumba imerudi kuwa nyumba. Akasema ahsante, dada yangu. Nikamwambia asinipigie tena mchana, watu tumelala.