Nakala kwa Mheshimiwa

Saa mbili kasoro dakika tano, siku ya Jumatatu, Marcelline alivua viatu vya njiani, akavaa kandambili za ofisini na kufungua boksi la arobaini na moja. Ofisi ilikuwa Midrand, kaskazini mwa Johannesburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za Kifaransa alizoandikiwa mwanasiasa mmoja wa Amerika, katika wale wazee waliosimamisha taifa hilo lilipokuwa changa, na kuziingiza kwenye kompyuta: nani kaandika, lini, anaomba nini, na kama alijibiwa. Chuo kimoja cha ng'ambo ndicho kilichotoa kazi. Pale ofisini hakuna aliyemtaja mzee huyo kwa jina. Aliitwa Mheshimiwa.

Kabla ya kazi hii Marcelline alikuwa msusi kwenye saluni ya mtaa wa Berea, mjini Johannesburg, na kabla ya hapo mwalimu wa Kifaransa kwao Bukavu, Kongo. Mwandiko mbaya haukumtisha. Aliwahi kusahihisha madaftari ya darasa la watoto themanini, tena kwa taa ya mafuta.

Barua nyingi zilikuwa za watu wenye shida. Mjane aliomba mwanawe atolewe jela. Fundi saa aliomba nafasi melini. Nyuma ya kila barua Mheshimiwa aliandika tarehe na neno moja: "Imejibiwa", au "Imeonwa". Waliojibiwa ni waliotuma mvinyo, au waliokuwa na mjomba mkubwa. Waliobaki walionwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Mheshimiwa, kwa kila dalili, alikula vizuri.

Walioandika walikuwa wamekufa miaka mia mbili na ushei, lakini hawakuwa wameacha kuandika. Kila Jumatano posta ilileta fungu jipya, nta yake bado laini. "Narejea barua yangu ya tarehe tatu Machi 1785," aliandika mjane yuleyule, "ambayo hadi leo sijapata jibu." Jelimo, Mkenya aliyekuwa msimamizi, aliusoma mkataba, akaona unasema barua zote alizoandikiwa, wala hausemi mwisho ni lini. Akaagiza maboksi mengine.

"Mama Falonne, hizi za leo weka kwa boksi mpya," alisema. "Usizichanganye na za kitambo."

"Sawa, Madame Jelimo."

Shida ya Marcelline mwenyewe ilikuwa binti yake, Falonne. Walipoingia nchi hii, ofisi ya makaratasi ya wakimbizi ilimwandika mtoto kwenye faili la baba yake, Emery, fundi wa simu. Mwaka 2015 Emery alifariki siku duka lake la Jules Street, kule Malvern, lilipochomwa moto katika ghasia dhidi ya wageni. Ofisi ikafunga faili lake, na mtoto akafungiwa humo humo. Sasa ilikuwa 2018, Falonne yuko darasa la kumi na mbili, na shule ilitaka karatasi iliyo hai kabla ya mwisho wa Machi. Bila hiyo jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari.

Marcelline alikuwa amepanga foleni ya ofisi ile mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja, bwana wa dirishani alimwambia mwenye faili ndiye anayepaswa kuomba mtoto ahamishwe.

"Mwenye faili alikufa," Marcelline alisema.

"Basi alete barua," alisema yule bwana, na kumwita anayefuata.

Jioni ile Marcelline aliketi akaandika barua yake mwenyewe kwa ofisi, kwa namna alivyofundishwa na alivyofundisha. Kwao barua haiendi peke yake. Chini kabisa, baada ya sahihi, huandikwa "Nakala kwa taarifa", kisha majina ya wakubwa: gavana, askofu, mkuu wa wilaya, ili anayepokea ajue anatazamwa. Barua isiyo na nakala ni yatima. Lakini Johannesburg Marcelline hakumjua mkubwa yeyote. Mkubwa pekee ambaye anwani yake aliijua kwa moyo alikuwa Mheshimiwa. Akamwandika yeye, na nakala yake akaiposti.

Barua ya ofisi ilipotea, kama zilivyopotea nyingine. Nakala ilifika. Jumatano ilikuwa kwenye fungu la posta, karatasi imeshageuka rangi ya chai, na nyuma yake imeandikwa "Imeonwa".

Jumatano iliyofuata ikaja barua ya Emery.

Marcelline aliutambua mwandiko kabla ya kuisoma sahihi, zile herufi zake za kulala kushoto. "Mheshimiwa," aliandika Emery, "mimi ni fundi wa simu, zamani wa Malvern. Narejea barua ya mke wangu, ambayo nakala yake imepita kwetu huku. Naomba mtoto atolewe kwenye faili langu. Mimi silihitaji tena, na humu ndani hamna kitu cha mtoto."

Marcelline alikwenda chooni akalia. Alifurahi kuuona mwandiko ule, na alimkasirikia mume wake kwamba miaka mitatu mizima hakuwa ameandikia nyumbani hata mstari mmoja. Kisha akanawa uso, akamwendea Jelimo.

"Ile barua ni ya bwana yangu. Niko naomba kopi, na mhuri ya hapa."

"Pole sana, mama," alisema Jelimo. Akaitoa kopi, akaigonga mhuri mara mbili, na kumpa ruhusa ya siku moja.

Yule bwana wa dirishani aliilinganisha sahihi na ile ya kwenye faili, akaridhika. Ilikuwa ya marehemu kabisa. Tatizo, alisema, ni kwamba marehemu hakuwaandikia wao. Alimwandikia huyu bwana wa Amerika, kwa hiyo huyo ndiye wa kujibu. Marcelline aligeuza karatasi akamwonyesha nyuma.

"Imeonwa," alisoma yule bwana. "Kuona si kukubali, mama."

Orodha ya mtihani ilifungwa Ijumaa.

Shule haikuwa na roho mbaya, ndivyo mwalimu mkuu alivyojieleza. Ilimruhusu Falonne aendelee kukaa darasani mwaka mzima, mradi ajue siku ya mtihani atabaki nyumbani. Akakaa. Alisoma kuliko wengi waliokuwa kwenye orodha. Na kila Jumatano Emery alimwandikia Mheshimiwa barua ya kukumbusha, na mwishoni aliuliza kama mtoto amenunua kalamu, kama analala vya kutosha, kama hesabu bado zinamsumbua. Hakuna aliyemwambia.

Asubuhi ya mtihani wa hesabu Falonne alimsaidia mama yake kukunja nguo.

"Papa yako ameuliza tena," Marcelline alisema.

Falonne alijibu kwa Kiingereza, lugha aliyozoea kujibia Kiswahili cha mama yake. "Mwambie nimefaulu."

"Ni uongo, mwanangu."

"Eish, Mama. Sasa utamwambia nini? Kwamba nilikwama ndani ya faili lake?"

Marcelline alikunja shuka la mwisho. Matokeo ya nchi nzima yalipotangazwa Januari, alimwandikia Mheshimiwa kwamba Falonne amefaulu, tena vizuri sana kwenye hesabu. Hakuomba chochote. Chini, baada ya sahihi, akaandika: nakala kwa taarifa, Emery.

Jumatano ile haikuja barua ya Emery. Ilikuja moja kutoka kwa Mheshimiwa mwenyewe, ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe, imeandikwa kwa Marcelline. Ilikuwa mistari mitatu. Alimpongeza binti, akasema elimu ni jambo alilolithamini daima, na ana hakika milango yote sasa iko wazi mbele yake.

Marcelline aliichukua mpaka Berea. Falonne alikuwa mlangoni pa saluni, anamsuka mteja wake wa tatu siku hiyo. Aliisoma bila kuachia rasta, mama yake akiwa amemshikia karatasi mbele ya macho.

"Ina mhuri?" aliuliza.

"Haina."

"Basi nipe kitana, Mama."