Chumba cha Mama Mkwe

Watu wa Shirati ni hodari wa kuuguza. Ukilala tu wamefika, mmoja na uji, mwingine na maziwa, wa tatu mikono mitupu lakini mdomo umejaa maombi. Seline alipopasuliwa tumbo akatolewa uvimbe, wanawake wa kanisa walipeana zamu kando ya kitanda chake, na hata shemeji yake aliyekuwa hasemi naye tangu mazishi ya mumewe alikuja akakaa kimya nusu siku nzima. Shida ya watu hao ni moja: hawajui la kufanya na mtu anayepona. Siku walipomwona Seline anachemsha chai yake mwenyewe, walimshukuru Mungu kwa sauti, wakakusanya vikapu vyao, wakaenda kwa mgonjwa mwingine.

Akabaki na nyumba. Mume alikuwa amekwisha kufa, wana wawili walikuwa Dar es Salaam wakitafuta maisha ambayo hadi leo sidhani kama wameyapata, na Adero, binti wa pekee, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Kisumu. Mchana haukuwa na neno. Usiku ndio uliomshinda. Kule wodini, kitanda cha jirani kilikuwa cha mama mmoja mcheshi aitwaye Apiyo, mtu wa kutania wauguzi na kuomba chumvi. Usiku mmoja Apiyo alikata roho kimya kimya, na hakuna aliyejua mpaka muuguzi alipoleta chai ya asubuhi, akamwekea kikombe na kumwambia aamke. Tangu hapo Seline hakuogopa kufa, aliogopa kufa namna ile. Alipolala peke yake alishtuka kila mara na kusikiliza kama bado yupo. Alichotaka kilikuwa kidogo hata akaona haya kukitaja: kumsikia mtu mwingine akipumua chumbani.

Kwa hiyo Adero alipotuma salamu kupitia mchuuzi mmoja wa samaki kwamba mama aje Kisumu apumzike mpaka apate nguvu, Seline hakungoja kubembelezwa. Daktari alimwonya asibebe mzigo, akamruhusu. Alivuka mpaka pale Sirari akiwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na hati ya safari kwa mkono wa pili.

"Mama, unaenda Kenya kufanya nini?" aliuliza ofisa wa upande wa pili, kijana mwenye kalamu sikioni.

"Naenda kupona."

"Sasa hiyo mimi nitaandika wapi?" Akatafuta mahali, hakupaona, akaandika matembezi na kugonga muhuri. Seline alicheka, na kucheka kukamuuma kwenye mshono.

Wala msidhani hakujua mila za kwao. Mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hilo Seline alilijua tangu hajajua kusuka nywele, na hakuwa na nia ya kulivunja. Lakini mila hiyo hiyo iliyomnyima paa ilimpa kitu kingine, nacho ni mjukuu. Bibi akija, mtoto hutolewa kwa wazazi wake akalale na bibi, wajifunike blanketi moja, aambiwe habari za watu wake. Adero alikuwa na binti wa miaka mitano, Awuor, ambaye Seline alimwona mara ya mwisho akiwa wa kubebwa. Njia nzima, kila basi lilipoingia shimoni na mshono ukalalamika, alijituliza kwa huyo Awuor.

Adero alikuja kumpokea kituoni. Alimtazama mama yake akishuka ngazi za basi, kisha akaendelea kutazama nyuma yake, kama vile anayemngoja bado hajashuka. Halafu akamtambua, akakimbilia kikapu.

"Mama, umekonda."

"Nimepungua tu, nyathina, mwanangu. Mwili utarudi."

Dalmas, mume wa Adero, alikuwa karani bandarini, mtu wa adabu hadi adabu yake inachosha. Alisimama mbali nje ya nyumba yao katika mtaa wa Manyatta, macho kwenye viatu, akamkaribisha mkwewe bila kumpa mkono, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameshamkodia chumba kwenye ploti ya nyumba za kupanga ya Waithira, mwanamke wa kabila lingine, milango mitatu kutoka kwao. Kitanda kilikuwa kipya, na godoro, na blanketi. Mezani palikuwa na chupa ya chai, sahani, kijiko na kikombe chenye maua, vyote bado vina karatasi ya dukani. Seline alikishika kile kikombe, akakigeuza, akafurahi kupita kiasi. Katika ndoa yake yote hakuwahi kununuliwa kikombe cha peke yake. Alisema moyoni kwamba kweli mwanawe ameolewa na watu.

Jioni Adero alileta samaki na ugali, akasimama mlangoni huku mama yake akila.

"Na Awuor je? Analetwa saa ngapi?"

"Ana mafua, Mama. Asije akakuambukiza na wewe bado mshono haujakauka. Kesho."

Kesho yake kulikuwa na shule ya chekechea, na mtoto lazima aamke mapema. Siku nyingine ikawa anakojoa kitandani na ataharibu godoro jipya. Sababu zote zilikuwa na akili, na Seline alizipokea moja baada ya nyingine, maana mgeni hapangi mambo ya nyumba ya watu. Mchana alimwona mtoto akicheza uani. Alipomwita, "Njoo kwa dani, bibi yako," Awuor alitabasamu vizuri tu, kisha akajificha nyuma ya pipa la maji. Seline alidhani ni aibu ya kitoto. Bibi ambaye hajaonekana miaka kadhaa ni mgeni kama wageni wengine.

Usiku alilala akisikiliza. Upande wa pili wa ukuta alilala Waithira mwenyewe, lakini ukuta ulikuwa wa mawe, umejengwa na fundi asiyeiba saruji, na haukupitisha hata kikohozi. Asubuhi Seline alitoka akasimama langoni. Ziwa lilionekana mbali, kipande tu kati ya mabati, ziwa lile lile aliloteka maji maisha yake yote, na katika watu wote waliopita hapo hakuna aliyemjua jina. Nyumbani alikuwa mpweke kati ya watu wake. Sasa alikuwa amelipa nauli kuja kuwa mpweke kwa wengine, na alijicheka kwa hilo, ingawa si sana.

Waithira, ambaye majirani walimwita Mama Kangethe, aliuza mitumba katika soko la Kibuye. Soko kubwa ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu alipumzika, na Jumatatu hiyo aliingia kwa Seline bila kubisha, akakaa kitandani, akaona chai iliyobaki nusu kwenye kikombe cha maua. Akajiongezea, akanywa.

"Wewe Mama unaongea Kiswahili kama redio," alisema.

"Na wewe unakiongea kama mtu anayekimbizwa na askari wa manispaa."

"Si ni kweli tunakimbizwa?" Wakacheka. Waithira akapuliza chai. "Hawa watoto wako wanakuheshimu sana, sitasema uongo. Lakini hii mambo yenu ya mkwe, nimekaa na nyinyi miaka mingi na bado inanishinda. Mtu mgonjwa analala pekee yake kweli?"

"Mimi si mgonjwa tena. Napona."

"Basi hiyo ndio mbaya zaidi. Mgonjwa ako na watu."

Ndipo Adero alipoingia na chakula cha mchana. Aliona kikombe mkononi mwa Waithira, akasimama.

"Mama Kangethe, ngoja nikuletee kikombe yako."

"Hii iko na shida gani?"

Adero alitazama sakafu. Waithira alimtazama yeye, akamtazama Seline, kisha akainua kikombe na kukimaliza taratibu mpaka tone la mwisho. "Chai ilikuwa tamu," alisema, akatoka. Adero naye aliweka chakula mezani, akaondoka haraka bila kungoja vyombo kama alivyozoea.

Seline alikula kidogo. Kisha akachukua sahani, kijiko na kikombe, akavipeleka mwenyewe, polepole, mpaka nyuma ya jiko la binti yake ambako mkwe anaruhusiwa kufika. Adero alikuwa ameinama kwenye mkaa.

"Nimekuletea vyombo."

"Weka tu chini, Mama. Si hapo. Kwenye lile karai la huko."

Karai lile lilikuwa peke yake chini ya mchirizi wa mabati, na kando yake birika la maji yanayotoka mvuke na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Ndani mlikuwa na bakuli alilonywea uji asubuhi. Vyombo vya nyumba vilikuwa upande mwingine kabisa, juu ya kichanja, vimefunikwa kitambaa. Seline aliangalia huku, akaangalia kule. Godoro jipya, kikombe kipya, chumba cha milango mitatu kutoka kwao, mafua yasiyokwisha. Kumbe haikuwa heshima, au heshima ilikuwa kidogo tu, ya kufunikia. Aliona aibu kwanza, aibu ya mtu aliyejisifu kwa zawadi isiyokuwa zawadi, ndipo hasira ikafuata.

"Adero, unaniogopa?"

Miaka ile ugonjwa wa kukondesha ulikuwa umeanza kutajwa kwa minong'ono, na kila nchi ilikuwa na hakika umetoka kwa jirani. Kisumu walisema unatoka Tanzania na Uganda, Shirati walisema unatoka Kenya, na waliohesabiwa wazima walikuwa wale wanene.

"Umekonda sana, Mama," Adero alisema, sauti chini kwa sababu ya wanawake waliokuwa bombani. "Watu waliniuliza siku ile ile umefika. Wanasema hiyo kitu inatoka upande wenu. Dalmas hajasema neno, usimlaumu. Ni mimi. Nina mtoto, Mama."

"Na mimi nina nani?"

Seline akalegeza leso palepale, akainua blauzi. Kovu lilianzia kitovuni likashuka chini, bado linang'aa, na alama za uzi pande zote mbili.

"Ulikuwa uvimbe. Walinionyesha kwenye beseni. Uvimbe haumrukii mtu. Na hata kama ungekuwa ule ugonjwa mwingine, Adero, hata kama ungekuwa ule, mimi ningekuwa nani wako?"

Binti yake alipiga magoti pale kwenye majivu akalia, akaweka kiganja juu ya kovu, na mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya mkaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu alipompokea kituoni. Akasema nisamehe, akarudia. Seline alimwacha alie. Alitaka kumhurumia mara moja, kama mama anavyotakiwa, lakini huruma ilichelewa, na hakujilazimisha.

"Nataka mtoto alale na mimi," alisema mwishowe. "Sitaki samaki, sitaki blanketi jipya. Nimekuja nchi ya watu kwa hilo tu."

"Leo, Mama. Leo hii."

Na kweli jioni hiyo Dalmas alimleta binti yake hadi lango la ploti, akakohoa kuashiria kwamba yupo, akageuka nyuma. Adero akamwingiza Awuor ndani, amesuguliwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Mtoto alisalimia vizuri alivyofundishwa, akapanda kitandani, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Seline alilala upande wa nje. Alimsimulia jinsi sungura alivyomdanganya fisi, akaimba pale pa kuimba, kisha akazima taa, akangoja kile alichokuja kukisikia.

Hakusikia kitu.

Akasikiliza zaidi, akamkumbuka Apiyo, akanyoosha mkono. Mwili wa mtoto ulikuwa umekakamaa, macho wazi. Mara Awuor akatoa pumzi yote kwa pamoja, akageuzia uso ukutani, akavuta nyingine ya haraka, akafunga mdomo tena.

"Awuor. Una nini?"

"Hakuna, dani."

"Mbona hupumui?"

Awuor akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja siri asiyojua kama inaruhusiwa: "Mama alisema nisivute hewa yako."

"Alisema lini?"

"Zamani. Leo amesema umeshapona."

Seline hakuwa na hasira ya kumpa mtoto, na kilio hakutaka akisikie. Angeweza kumwita Adero, Adero angekuja mbio, angemkaripia mwanawe, na Awuor angelala kwa amri. Lakini mtoto aliyefundishwa kuogopa hafundishwi kuacha kuogopa kwa jioni moja.

Akainuka, ameshika tumbo. Alifungua dirisha lote, hewa ya ziwani ikaingia na harufu yake ya samaki na matope. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, mbali kabisa na kitanda kadiri chumba kilivyoruhusu, akakaa, akajifunga leso mabegani.

"Sasa vuta," alisema. "Hewa yote ya huko ni yako."

Awuor aliinua kichwa akapima umbali. Akavuta kidogo, akajaribu tena, akalala chali katikati ya kitanda. Haikuchukua muda akawa amelala, mdomo wazi, na pumzi zake zikajaa chumba, nzito na za kufuatana, na mara moja moja akikoroma kama mtu mzima. Seline aliegemea mlango, baridi ikimwingia kwenye mshono, akamsikiliza. Hicho ndicho alichovukia mpaka kukitafuta, na sasa alikuwa amekipata, mradi asisogee.