Kushuka Hata Jiwe Linashuka

Watu wa huku Endebess wakitaka kujua kama gari ni gari, wanauliza neno moja tu: inapanda? Lori, trekta, hata pikipiki ya kusambaza mkate. Ikipanda, basi. Mimi nimeuliza hivyo tangu nikiwa turniboi, utingo wa malori, na ushirika wetu wa maziwa uliposema utanunua pikipiki kubwa ya magurudumu manne ya kuteremsha maziwa kutoka mashamba ya juu, niliuliza vivyo hivyo. Neno "kuteremsha" lilikuwa kwenye barua ya mkutano. Nililisoma nikalipita.

Naitwa Jotham Wepukhulu. Kwetu asili ni Kanduyi, lakini miaka thelathini na mitano sasa nafuga hapa. Shule niliachia darasa la sita. Mengine nimejisomea mwenyewe, na ndiyo sababu wenyekiti watatu wa ushirika wameondoka wakinitaja jina vibaya. Sisahau. Nakumbuka trekta ya mwaka wa tisini na nne: ilionyeshwa kwenye uwanja mkavu, ikapigiwa makofi, Aprili ikazama hadi ekseli, tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Nakumbuka waliopiga makofi. Mukhwana, mwenyekiti wetu wa sasa, alipiga.

Kwa hivyo Mukhwana alipotupeleka Bungoma kuona hizo pikipiki, nilikwenda nimekunja ngumi mfukoni.

Dukani zilikuwa mbili, nyekundu na ya kijani, kila moja na ukubwa wa ndama wa mwaka. Muuzaji, kijana anaitwa Naim, alitueleza vizuri. Ile nyekundu ina kitufe. Ukikibonyeza, shafti ya mbele inashikana na ya nyuma, magurudumu yote manne yanavuta, na yanabaki hivyo mpaka ukitoe. Kuna kitufe cha pili cha kufunga yale mawili ya mbele yazunguke pamoja, moja lisizunguke bure kwenye shimo. Ile ya kijani inajiamulia yenyewe. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, ya mbele yanaingia kusaidia, mara moja, na yote mawili. Ya nyuma yakishika, ya mbele yanaachia.

"Nyekundu," akasema Mukhwana. "Mtu ajue ameshika nini."

Hilo lilitosha. Mukhwana akitaka nyekundu, mimi ni wa kijani.

"Mwenyekiti anataka vitufe," nikawaambia wanachama. "Dereva yuko kwenye matope, mvua inampiga, ati atafute kitufe! Na ninyi mnanunua tena kitu kwenye sakafu ya simiti, kama tisini na nne? Zije Endebess. Tuone ni gani inapanda."

Wakaleta zote mbili wiki iliyofuata. Tukachagua ile njia ya kwenda mashamba ya juu, udongo mwekundu, mvua ya jana bado imo. Watu walijaa kama sikukuu. Nyekundu ilianza, dereva wake akabonyeza kitufe cha kwanza, akasahau cha pili. Gurudumu moja la mbele likaingia mtaroni, likazunguka bure likirusha matope, ikakwama. Ya kijani ikapita pale pale bila kusimama, ikapanda mpaka juu, ikapiga honi.

Walinibeba mabegani. Mzee wa miaka sitini na moja, nabebwa kama bwana harusi!

Ndipo Kimutai akauliza.

Kimutai ni mume wa binti yangu Nabwile, na ndiye dereva ambaye ushirika ulikuwa umemwajiri kuendesha mashine. Ni Msabaoti, mtu wa mlima. Mwaka wa tisini na mbili, kwenye mapigano ya kikabila, watu wa mlima waliichoma nyumba yangu, na nilipomwoza Nabwile kwa upande ule watu walisema Wepukhulu amesahau. Sikusahau. Niliamua. Kwetu mkwe hamjibizi baba mkwe, sembuse mbele ya watu, na Kimutai, kwa vile anajua anakotoka na ninakotoka, heshima hiyo aliishika mara mbili.

"Baba," akasema, amevua kofia, "na ikishuka? Si maziwa yanashuka? Na tela nyuma?"

Nilikuwa juu ya mabega ya watu. Nikamwangalia kutoka huko juu.

"Mkwe wangu, kushuka hata jiwe linashuka!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kimutai akatabasamu, akavaa kofia. Kura zikapigwa, ya kijani ikabaki.

Siku nne baadaye nilikaa na kitabu cha maelezo cha ile ya kijani pamoja na kamusi, nimfundishe Kimutai kabla ya safari ya kwanza Jumatatu. Ukurasa wa kuteremka niliusoma mara tatu. Magurudumu ya mbele yanaingia pale tu ya nyuma yanapozunguka upesi kuliko yao. Ukiteremka umeachia mafuta, injini inazuia ya nyuma peke yake. Ya mbele yanajiendea. Na penye utelezi, mzigo unaposukuma kutoka nyuma, hayo mawili ya nyuma ndiyo ya kwanza kuachia ardhi. Ile nyekundu, ukishabonyeza kitufe, injini inazuia yote manne.

Nikampigia Naim simu.

"Ni kweli, mzee," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Mzee, mliuliza inapanda. Hakuna aliyeniuliza inashuka."

Palikuwa na mmoja aliyeuliza.

Jumatatu nilifika kituo cha maziwa mapema. Wanachama walikuwa wamejaa kuona safari ya kwanza, Kimutai anafunga tela. Nikasimama juu ya kreti nikasema kila kitu: shafti, injini, matope, tela. Nikasema nilikosea na Mukhwana hakukosea. Hilo la pili nililisema nikiangalia miguu yangu.

Kisha mama mmoja, Nanyama, ambaye nimemfundisha mimi mwenyewe kusimama mkutanoni, akasimama.

"Wepukhulu, umekula kwa nani?"

"Sijakula kwa mtu, dada."

"Wiki jana kijani, leo nyekundu. Si wewe ulituambia mtu akigeuza neno, tuangalie mfuko wake? Geuza mfuko, bana!"

"Kushuka hata jiwe linashuka!" mwingine akapaza sauti, na kicheko kikaanza upya, kile kile.

Nikamgeukia Mukhwana. Nilitaka angalau afurahi. Hakufurahi. "Uamuzi wa wanachama ni uamuzi," akasema polepole. "Hiyo umetuimbia miaka kumi na minne. Nikiurudisha leo, kesho utanipeleka wapi?"

Hapo nikashuka kwenye kreti nikaenda mpaka kwa Kimutai.

"Mkwe, juzi uliuliza swali nikakucheka. Uliza tena. Watakusikiliza, wewe ndiye unapanda juu yake."

Akainamisha kichwa. "Baba, tuache tu."

"Niambie nilikosea. Hapa, mbele yao. Nakuruhusu."

"Siwezi, Baba."

"Basi usiende."

"Nisipoenda watasema nini? Ati mkwe wa Wepukhulu aliogopa mashine ya Wepukhulu?" Alisema kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu. "Nitaenda pole."

Akaondoka. Ilipanda. Mungu wangu, ilivyopanda vizuri, na watu wakapiga makofi.

Huko juu alipakia mikebe sita ya lita hamsini. Tulimwona akitokea kwenye kona ya kwanza, pole kama alivyosema, pole kabisa. Nilikuwa nimeanza kwenda kumlaki, sijui kufanya nini, labda kuishika kwa mikono. Kwenye kona ya pili sehemu ya nyuma ilianza kwenda upande. Hakukuwa na kelele. Tela ilisukuma, mashine ikageuka ikatazama ilikotoka, na kwa muda ikashuka kinyumenyume na Kimutai juu yake amenitazama mimi. Kisha ikalala ubavu, naye chini yake. Maziwa yalinifikia kabla sijamfikia.

Mashine tuliiinua watu wanne, mimi, Mukhwana na wengine wawili. Mukhwana ndiye aliyempeleka hospitali Kitale kwa gari lake, kichwa cha Kimutai kikiwa kwenye mapaja yangu.

Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto mahali pawili. Daktari alisema atatembea, hakusema vipi. Nabwile alikaa upande wa pili wa kitanda, tumbo lake la miezi saba mbele yake, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Walisema alikuuliza," akasema.

"Aliniuliza."

"Na wewe?"

Alikuwa anajua. Endebess nzima ilikuwa inajua, neno lile watoto walikuwa wanalirusha njiani. Alitaka nilitamke mimi, kitandani kwa mumewe. Nikalitamka. Hakuna aliyecheka. Nabwile akainuka akaenda kutafuta maji.

Tukabaki wawili. Kimutai alikuwa amefumbua macho.

"Kimutai. Sasa hakuna watu. Sema."

"Nini, Baba?"

"Kwamba ni mimi."

Akaniangalia kwa muda mrefu, midomo imepasuka, jasho puani. Niliona neno likimjia. Nililiona kabisa, nikajikaza kulipokea, nimekuwa nikiwapa wengine maneno kama hayo maisha yangu yote.

"Ni matope tu, Baba," akasema, akageuzia uso ukutani.