Mapigo Themanini na Nane

Vidole vya Remmy vilikuwa bado na mafuta ya kitimoto alipoushika mkono wa Lidia. Lidia alikuwa ametoka kupanda na kushuka benchi kwa dakika tatu, na jasho lilimchuruzika ingawa baridi ya Makambako ilikuwa haijaondoka uwanjani. Kama mpimaji, Remmy alitakiwa kuhesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Alihesabu kwa muda wa kuchokoa kipande cha hiyo nyama ya nguruwe jinoni.

"Themanini na nane," alisema, akaandika. "Mama, una moyo wa binti. Umefaulu."

Lidia akafumba macho. Asante, Baba. Miezi miwili alikuwa akikimbia alfajiri kutoka Lyamkena kabla ya kwenda shambani, na jioni akienda darasa la huduma ya kwanza na watu wazima wenzake. Huko ndiko alikofundishwa kutafuta mapigo, chini ya kidole gumba. Kampuni ya miti ya Njombe ilitaka watu kumi wa kuzima moto msituni wakati wa kiangazi. Atakayezidisha mapigo mia na ishirini baada ya benchi, arudi nyumbani. Na yeye, mwenye miaka arobaini na tatu, alikuwa amefaulu.

Akafuta mkono kwenye kitenge. Mafuta hayakutoka yote.

Aliyefuata alikuwa Kefa, mtoto wa mama yake mdogo. Alipanda benchi mara sita, akaketi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na kifua kililia filimbi ile iliyokuwa ikimwamsha Lidia usiku walipokuwa wadogo, nyumba moja.

"Themanini na nane," alisema Remmy bila kumgusa. Chini ya kiti chake kulikuwa na sahani ya kitimoto iliyofunikwa kwa gazeti. Kefa ndiye aliyeileta asubuhi.

"Moyo huo mnaazimana?" mwanamume mmoja aliuliza kwenye foleni. "Basi nipeni na mimi nipite nao."

Watu wakacheka. Lidia akageukia karatasi ya Remmy. Namba ile ile. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa uongo, na shukrani ile ilimkaa mdomoni kama mafuta yaliyoganda. Alitamani kutema.

Akaushika mkono wa Kefa. Akatazama saa iliyokuwa mezani, akihesabu, mpaka mshale wa sekunde ulipomaliza mzunguko.

"Mia na hamsini na mbili," alisema.

"Dada, niache," Kefa alinong'ona. "Nina watoto watatu."

"Ndiyo maana. Moshi ukishuka kule kwenye miti ya misindano, nani atakubeba?"

"Si tutakuwa wote?"

"Mimi nitakimbia, Kefa."

Kefa alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Remmy akaweka kalamu chini.

"Mama, nikipima upya napima wote, na wewe ndiye wa kwanza. Miguu imeshachoka hiyo. Ukigonga mia ishirini na moja nakurudisha, ulie usilie."

"Andika utakachokiona. Lakini nawa mikono kwanza."

Mtu akasogeza jagi la maji. Remmy akanawa, taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akiguna. Kefa aliinuka, akaenda kuketi kwenye nyasi mbali na watu, mgongo wake ukipanda na kushuka.

Lidia akarudi kwenye benchi. Dakika ya pili ikaingia. Alizoea kuomba akiwa anakimbia, lakini sasa hakujua aombe nini. Akapanda. Akashuka.

Alipoketi, Remmy alimshika mkono wa kulia kwa vidole vyenye baridi ya maji. Msichana aliyekuwa akingoja zamu yake, Ida wa darasa la jioni, akatoka kwenye foleni bila kuitwa, akapiga goti, akaushika wa kushoto. Wote wawili wakaikodolea macho saa. Midomo yao ikawa inacheza pamoja: mia na nane, mia na tisa. Mshale ulikuwa bado haujafika juu, na safari hii Lidia aliutazama macho wazi.